Mawe Yasisage Bure

2 Juni

Shangazi amenunua daftari hili akanitupia mapajani. "Andika humo," akasema. "Umezichosha kuta kwa kuzungumza nazo." Ni kweli nazungumza peke yangu. Nikipima magunia nazungumza, nikifagia nazungumza, na nikikaa kimya ndiyo mbaya zaidi, maana hapo nawaza.

Basi niandike linalonikosesha raha. Mavuno yameanza na foleni yetu haifiki hata mlangoni. Nilipokuwa mdogo foleni ilitoka ndani ya kinu ikateremka hadi mtoni, wanawake wakisukana nywele huku wakingoja zamu. Siku hizi wengi wanaishia kule barabarani kwa Bwana Haraka. Jina lake halisi silijui wala silitafuti; tunamwita hivyo kwa sababu ameandika UNGA HARAKA ukutani kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa akiwa ng'ambo ya barabara. Ana mashine ya umeme. Unamimina debe lako, na kabla hujamaliza kupiga chafya, unga uko nje, wa moto, unanuka kuungua.

Kaka yangu amesema haya ndiyo mavuno ya mwisho kujaribu. Kinu kikijilisha chenyewe mpaka msimu uishe bila balaa, atanyamaza. Kikishindwa, kiwanja kiuzwe, na Baba ahamie kwake mjini. Baba alipunga mkono kama anayefukuza nzi, akarudi kwenye mawe yake. Mimi namjua Baba. Mtoe ndani ya kinu hiki leo, kesho kutwa tunatafuta sanda. Nilidhani nikiliandika hilo litapungua uzito. Halijapungua.

4 Juni

Mawingu. Wakati wa kuvuna, mawingu ya nini?

6 Juni

Mvua imenyesha mchana kutwa, hakuna aliyeleta gunia. Baba alikaa juu ya mizani akanisimulia upya habari za kinu, nami nikasikiliza upya, kwa kuwa kila mara anaongeza kitu.

Babu ndiye aliyekijenga. Mawe aliyapata kwa mjane wa msagaji mmoja wa mbali, akayaburuta juu ya magogo kwa ng'ombe, na ng'ombe mmoja akafia njiani. (Safari hii walikufa wawili.) Enzi hizo gurudumu kubwa la mbao lilizungushwa na maji ya mto. Mto ulipokonda Babu akanunua injini ya mafuta, gurudumu akaliacha lioze kule nyuma, ambako sasa kuku wa Shangazi wanatagia. Mawe ni yaleyale. La chini limelala, la juu linazunguka, na kati yao pana upenyo usiozidi unene wa ukucha. Nafaka inashuka kutoka kwenye sanduku la juu, inapita hapo katikati, na unga unatoka umepoa. Mama Mikate, mwokaji wetu, anaapa kwamba mkate wa unga wa mawe haukauki upesi. Yeye ndiye mteja mkubwa tuliyebaki naye. Akituacha yeye, Kaka hana haja ya kusema neno.

Kinu kina sheria moja, ambayo Babu alimfundisha Baba kwa kofi na Baba akatufundisha sisi kwa kelele: mawe yasisage bure. Nafaka ikiisha kati yao, mawe hugusana, na yakigusana hutema cheche, mahali ambapo hata hewa ina vumbi la unga. Ndiyo maana Babu alifunga kengele. Ndani ya sanduku umepita ukanda wa ngozi. Nafaka ikijaa huubana; nafaka ikipungua ukanda hulegea, na kengele huanza kuchezacheza na kulia. Ina sauti nyembamba ya kukata, ndiyo peke yake inayopenya ngurumo ya mawe. Ikilia, unamimina gunia jingine, au unavuta wenzo na kusimamisha kila kitu. Wenzo ni wa Baba. Sijawahi kuona mkono mwingine juu yake.

9 Juni

Kaka amekuja, kwa gari la kuazima, na boksi kwapani.

"Baba, msimu huu una mvua," akasema. "Utakanyaga maji hayo peku mpaka lini?"

"Mpaka nife."

"Si ndiyo hilo tunaloliogopa!"

Ndani ya boksi mlikuwa na viatu. Vyeusi, vya ngozi, na soli ya mpira nene kama tofali. Baba alivigeuza, akavisifu, akaviweka juu ya kabati la sahani. Shangazi akampigia kelele kutoka jikoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Baba akamjibu kwa kelele kwamba mkuu hapa ni yeye. Sisi hupiga kelele kwa salamu pia. Majirani wapya hudhani tunagombana kila jioni. Ni tabia ya watu wa kinu: mchana huwezi kumsikia mwenzako hata akikuwekea mdomo sikioni, kwa hiyo unapaaza sauti au unatumia mikono, na jioni unasahau kuacha. Mezani Baba hasemi "niongezeeni". Anainua kiganja juu kidogo, ile ishara ya kusema mawe yapandishwe, nasi tunampakulia. Akishiba anapitisha mkono tumboni, ishara ya sanduku kuwa tupu, ambayo kusema kweli iko kinyume.

Kaka alizunguka kinu chote kabla ya kuondoka. Aligusa nguzo, akatazama paa. Nilimfuata kwa macho kama ninavyomfuata mtu anayepitapita karibu na kuku. Anakipima, nikajiambia. Anapima kiwanja.

11 Juni

Viatu bado viko juu ya kabati. Paka amelalia kimoja.

13 Juni

Baba amekohoa asubuhi nzima. Maji ya mvua yanaingia chini ya mlango, sakafu ya mawe imekuwa baridi kama chuma, naye anasimama hapo kutwa na nyayo zilizopasuka. Mama alipokuwa hai, Baba alikuwa anavaa makubazi. Baada ya Mama akaacha, nami siku zote nimedhani ni huzuni.

Leo nilishindwa kuvumilia. Nilivishusha viatu nikavipanga mbele yake, nikamwambia usoni, "Mama angekuwepo, ungethubutu kusimama humo bila viatu?" Sauti ikanikatika katikati ya maneno, sikupanga ikatike. Baba alinitazama mdomoni muda mrefu. Halafu akakaa kwenye gunia, akavivaa, kimoja baada ya kingine, akafunga kamba polepole.

Nimeshinda. Nimefurahi kiasi kwamba nimemchinjia kuku, na Shangazi hanisemeshi kwa sababu ya kuku.

14 Juni

Jua kidogo. Magunia ya kutosha. Baba anatembea na viatu vyake kama bwana harusi.

17 Juni

Leo kuna harufu. Nilikuwa kwenye mizani, nikaisikia: unga ulioungua, hafifu, ikapita. Nilimkimbilia Baba. Sanduku lilikuwa limebaki na konzi mbili tatu za nafaka, kengele inalia, naye alikuwa anafunga gunia, amelipa sanduku mgongo. Nikamimina haraka. Aliponiona akashtuka, kisha akacheka akanionyesha mkanda wa injini, kwamba harufu ni ya mkanda.

Huenda. Mkanda ni wa zamani.

18 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi injini ilikuwa imezimwa. Nilipanda ngazi kusafisha sanduku, na Baba alikuwa amekaa chini yangu, amenipa mgongo, anashona gunia lililotoboka. Nilipogusa ule ukanda, msumari uliochoka ukang'oka, na kengele ikaanguka. Ilianguka juu ya karai la chuma. Ikapiga, ikaruka, ikapiga tena, ikabingirika ikilia mpaka ukutani. Paka alitoka nje kupitia dirishani. Mimi mwenyewe nilipiga yowe nikashika ngazi kwa mikono miwili.

Baba alichomeka sindano, akavuta uzi, akachomeka tena.

Nikabaki nimeganda juu ya ngazi. Nikaita, "Baba," kwa sauti ya kawaida, ile ambayo watu wengine duniani wanaitumia. Hakugeuka. Nikaita kwa nguvu zaidi. Alilowesha uzi kwa ulimi, akautazama kwenye mwanga. Nikashuka, na kivuli changu kilipompitia miguuni ndipo akainua uso akatabasamu. "Umemaliza?" akaniuliza, kwa kelele.

Hasikii. Sisemi hasikii vizuri. Kengele imeanguka jirani na kisigino chake na hakuijua. Na mimi ninayeishi naye, ninayekula naye, ninayejisifu kwamba namjua kama kiganja changu, sikujua, kwa kuwa katika nyumba hii kila mtu anapiga kelele na kila mtu anasema kwa mikono. Tungekuwa tunauza vitambaa tungejua ndani ya wiki.

Sasa najiuliza: amekuwaje salama? Ni tangu lini anasaga bila kusikia kengele, na mawe hayajawahi kugusana? Na kwa nini ile harufu ya jana?

Nimeirudisha kengele kwa misumari miwili mipya. Sijamwambia mtu. Nikimwambia Shangazi, mtaa mzima unajua. Nikimwambia Kaka, amepata sababu aliyokuwa anaitafuta.

19 Juni

Kutwa nimetazama sanduku badala ya mizani. Nimemwaga unga.

21 Juni

Nimehamia chini ya kengele. Nimesogeza mizani, nimesogeza kigoda changu, nimewaambia wateja kwamba pale pa zamani panavuja. Kengele ikianza tu kulia namgonga Baba begani, nampitishia mkono tumboni, naye anamimina au anavuta wenzo. Mara mbili leo nimemkuta amechelewa. Zamani alikuwa anageuka mwenyewe kabla hata kengele haijalia. Nakumbuka vizuri, tulikuwa tunamtania kwamba ana jini. Jini hilo limekwenda wapi wiki hizi? Anazidi kuharibika, na mimi naangalia.

Siendi msalani mpaka mawe yasimame. Shangazi anasema nimekonda.

23 Juni

Nimefunga kitambaa chekundu kwenye ukanda, ili nafaka ikishuka kianguke mbele ya macho yake. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekitoa. "Nani katundika tambara hili? Nyuzi zitaingia kwenye unga wa watu." Alinikabidhi bila kunitazama. Nadhani alielewa. Nadhani alielewa nami nimejifanya sijaelewa kwamba ameelewa, na sote tukaendelea na kazi.

24 Juni

Mama Mikate amekuja bila mkokoteni wake, nami moyo ukashuka kabla hajafungua mdomo. Alikuwa na kipande cha mkate kwenye karatasi.

"Tafuna," akaniambia.

Nikatafuna. Krr. Ilikuwa chembe ndogo, isingeziba hata tundu la sindano, lakini jino liliisikia mpaka utosini.

"Mteja wangu nusura avunje jino. Jiwe hilo, mwanangu. Mawe yenu yanagusana?"

Nikasema nafaka ya msimu huu imeanikwa chini kwa sababu ya mvua, imechanganyika na mchanga. Nilisema bila kupepesa jicho. Mimi, ambaye nikidanganya umri wangu natoka jasho.

"Haya," akasema. "Mama yangu alinunua unga hapa, na mimi nanunua hapa. Lakini mikate haina undugu. Ikitokea tena nitakwenda barabarani, na usinichukie."

27 Juni

Mvua. Kaka amepiga simu. Aliuliza habari za mavuno, za Shangazi, za paa. Halafu akasema kama aliyekumbuka tu, "Baba anakusikia ukimwita?"

"Kwani ana nini? Anasikia kuliko wewe."

"Vizuri," akasema.

Fisi huyu ananusa. Nimekata simu nikiwa nimekunja ngumi.

30 Juni

Nimeota kengele. Niliamka nikakimbilia mlangoni. Ilikuwa kijiko, Shangazi anakoroga chai.

4 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa. Yaliyotokea ni ya jana, na nitaandika polepole.

Mama Mikate alikuja na mkokoteni mchana. Mvua ilikuwa imekata, njia imejaa tope. Alipakia magunia yake, akateremka, na gurudumu moja likazama pale kwenye mteremko. Akaniita. Nilitazama sanduku: lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Nilimtazama Baba: alikuwa anakinga unga, amesimama wima na viatu vyake. Nikajiambia, nasukuma mara moja narudi. Ningekataa, angeuliza kwa nini, na mdomo wangu ulikuwa umechoka kusema uongo.

Mkokoteni haukutoka mara moja. Tulisukuma, tukaweka mawe chini, tukasukuma tena. Nilikuwa nimeinama, tope mpaka magotini, nilipoisikia. Ilikuwa inatoka kule juu, nyembamba, ya kukata. Kengele. Nikangoja, maana angemimina, nayo ingenyamaza. Haikunyamaza. Iliendelea kulia.

Nikakimbia. Niliteleza nikaanguka, nikaamka, nikaanguka tena, na wakati wote inalia, dunia nzima inaisikia isipokuwa mtu mmoja. Mlangoni nilikutana na harufu. Baba alikuwa ameinama anafunga gunia, mgongo kwa mawe, anafunga vizuri, kwa mafundo mawili kama anavyopenda. Nyuma yake cheche zilikuwa zinatoka chini ya jiwe, na kifuniko cha mbao kinachofunika mawe kilikuwa kinafuka.

Nilimpiga mgongoni kwa viganja vyote viwili. Akageuka. Aliuona uso wangu, kisha akaona moto. Sijawahi kumwona akienda hivyo; alirukia wenzo akauvuta kwa uzito wake wote, na mawe yakanguruma, yakasaga patupu mara ya mwisho, yakasimama. Lakini unga uliokuwa chini ya kifuniko ulikuwa umeshika. Nikakivua, nikaanza kuukomba unga ule kwa mkono na kuutupa sakafuni penye maji, hata sikujua kwamba naungua mpaka Mama Mikate aliponivuta. Alikuwa amenifuata mbio. Yeye na Baba walimwaga mchanga, ndoo kwa ndoo.

Kinu kimepona. Sanduku la juu limeungua upande mmoja, na meno ya mawe, yale Baba aliyoyachonga miezi miwili iliyopita, yamesagika yakawa laini. Kengele ilikuwa bado inaning'inia kwenye misumari yangu miwili.

Baba alinishika mkono, akautazama, akatazama miguu yake. Akakaa palepale sakafuni, kwenye maji na majivu, akaanza kufungua kamba za viatu.

5 Julai

Shangazi alikuwa amempigia simu Kaka, naye akafika kabla ya chakula cha asubuhi. Tulikaa jikoni wote wanne. Baba alikuwa peku, viatu amevipanga ukutani, vimekakamaa kwa tope.

"Nitasema mara moja," akasema, kwa sauti yake ileile ya kinu. "Kwanza ziliondoka sauti nyembamba. Ndege. Kengele. Halafu sauti ya mama yenu. Alipokuwa anaumwa alikuwa ananong'ona, nami nilikuwa naitikia tu, ndiyo, ndiyo. Sijui alisema nini."

Shangazi aliweka kisu chini.

"Nikasema basi, kinu kwaheri. Siku moja nikaingia bila makubazi, yalikuwa yamelowa. Nikasimama, nikahisi. Mawe yakishiba, sakafu inavuma, nzito, hapa." Aligusa unyayo. "Yakianza kuona njaa inatetemeka, hapa kwenye kisigino. Nilikuwa najua kabla ya kengele. Tangu siku hiyo sikuvaa kitu mguuni."

Nilimtazama Kaka, naye akanitazama mimi, kisha wote wawili tukatazama viatu. Soli nene kama tofali. Yeye aliyevinunua na mimi niliyevishusha kabatini.

"Baba," nikasema, na ilibidi nirudie kwa kelele, "kwa nini ulivaa?"

"Ulinitajia mama yako. Ningekujibu nini? Kwamba sivai kwa sababu nasikia kwa miguu? Mngenifungia kinu siku hiyohiyo. Nikasema nitatumia macho mpaka mavuno yaishe." Alisugua vidole vya miguu. "Macho hayana nafasi. Yana kazi nyingine."

Nililia, na sioni aibu kuandika. Wiki mbili nzima nilikuwa nalinda mtu dhidi ya hatari niliyomfunga mwenyewe miguuni.

Baadaye, nje, nilimkabili Kaka. "Ulijua."

"Tangu mwaka ule nilioondoka. Niliona. Nilikaa chini ya kengele ile msimu mzima, siendi popote, silali. Nikamwomba akiri, akanifukuza kwa siku tatu. Sikuweza, dada yangu. Nikaona afadhali nikae mbali nimwombe auze."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipokuuliza kwa simu ulinijibu nini?"

Nilikuwa nimemwita fisi humu ndani, na sitalifuta, ili nikumbuke. Kumbe wakati ule alipokuwa anagusa nguzo alikuwa anamwogopea Baba, kama mimi.

Shangazi alitoka na ndoo ya maji machafu akatukuta tumeinamisha vichwa. "Mnashangaa nini? Mimi nilijua tangu alipoacha kunigombeza nikiimba." Akamwaga maji. "Nyumba ya watu wanne, watatu wanafichana habari za kiziwi mmoja."

8 Julai

Baba amefungua bandeji yangu, akatazama, akafunga tena. Amesema, "Kinu hiki kilikula ng'ombe wa babu yako, kikala masikio yangu. Mkono wako hakiupati."

Nilimwambia nitavua viatu na mimi, nitakaa naye, tutasaga salama. Alinisikiliza mdomoni mpaka mwisho. Akatikisa kichwa. Nafaka ya watu iliyopo itasagwa yote, kwa kuwa walituamini. Kisha basi. Atahamia kwa Kaka? Hapana, atakaa hapahapa na kuku. Lakini mawe yatalala.

Mtu huyu niliyesema kwamba akitolewa kinuni atakufa, amesema hayo huku anakula, akainua kiganja kidogo, aongezewe.

10 Julai

Jua. Baba anachonga meno ya mawe, tok tok tok, kutwa. Kaka amechukua likizo, anatengeneza sanduku jipya, misumari mdomoni. Amepiga nyundo kidole mara mbili. Shangazi anaimba kwa makusudi.

11 Julai

Bado naamka nikinusa hewa.

15 Julai

Tumesaga gunia la mwisho leo. Ni la Mama Mikate. Alikuwa amelileta mwenyewe siku mbili baada ya moto, nafaka nzuri kavu, na alipoulizwa kama haogopi akasema anaogopa sana, lakini mama yake angemcheka.

Kaka alikaa nje kando ya injini. Shangazi alisimama mlangoni na ndoo ya mchanga, "kwa heshima," akasema. Baba akaniita pale anapokinga unga, akanionyesha miguu yangu. Nikavua ndala. Sakafu ilikuwa kavu na baridi.

Mwanzoni sikuhisi kitu isipokuwa hofu yangu, mapigo ya moyo yamenishukia mpaka miguuni. Nilitaka kutazama sanduku, Baba akanigeuza kichwa. Nikafumba macho. Ikachukua muda. Halafu nikaipata: mvumo mzito unaopanda kwenye nyayo, uleule wa utotoni tulipokuwa tunalala juu ya magunia, nami sikuwahi kuupa jina. Unga ulikuwa unanishukia kiganjani, wa baridi. Wiki hizi zote nilikuwa sijapumua mpaka chini.

Kisha mvumo ukakonda. Ukaanza kutekenya kisigino. Nikafumbua macho nikapitisha mkono tumboni: imekwisha. Baba alikuwa ananitazama, na alikuwa ameshapitisha wake. Akaninyooshea kidole kwenye wenzo.

"Mimi?"

Akarudi nyuma hatua, mikono nyuma. Nilipoushika, kengele ikaanza kulia juu ya vichwa vyetu. Nikavuta. Mawe yakazunguka kidogo kwa mazoea, yakasimama, na kengele ikalia peke yake mara mbili tatu katika ukimya wa mawe, ikatulia. Kule nje Kaka alizima injini. Tukasikia kuku.

Baba alikuwa bado anatazama juu.

"Imelia?" akaniuliza, kwa kelele.

Nikamwitikia kwa kichwa. Imelia.

"Ina sauti nzuri ile. Mama yako alikuwa anaisikia toka jikoni, anajua nakaribia kuja kula."

Tukafagia, tukafunga mlango, tukapanda kwenda nyumbani peku, viatu mkononi.